Pembe imejikunja, wembe unakwaruza mpini

SWALI: Fundi, mimi ni kinyozi huku Kondele, Kisumu. Babu aliniachia wembe wa kukunja umeandikwa Sheffield (ule mji wa Uingereza unajulikana kwa visu), mpini wa plastiki ukapasuka, so nikaomba pembe ya ng'ombe kwa buchari, nikakata pande mbili, nikatoboa nikafunga na misumari midogo. Wiki ya kwanza fiti kabisa. Ya pili mpini umejikunja kama ganda la ndizi, nikifunga makali yanakwaruza upande mmoja. Niliharibu wapi? Na kuna jamaa anasema ana pembe ya nyati, si hiyo ni kali zaidi?

JIBU: Pole bana, lakini chuma ya Sheffield usitupe. Shida ni haraka. Pembe ni kitu kimoja na kucha na nywele (ndio maana ukiipiga msasa inanuka nywele zimeungua, vaa maski), inakunywa maji, na ikikauka inarudi vile ilikuwa kwa kichwa cha ng'ombe. Ya buchari bado ni mbichi. Toa ule mfupa wa ndani, anika kivulini wiki kadhaa, kata vipande vinene kiasi kama milimita 4 ama 5, chemsha mpaka vilainike, halafu ubane kwa vaisi katikati ya vyuma viwili flati na uache vipoe humo humo mpaka kesho. Usifungue kuchungulia! Na sufuria nunua yako, ile ya ugali ukiirudisha inanuka pembe utajitetea mwenyewe.

Baada ya hapo ngoja tena wiki mbili. Ikijikunja, ijikunje sasa kabla hujatoboa. Ndio upige msasa mpaka kila upande ubaki kama milimita 3, ufunge pande zote mbili pamoja na selotepu, utoboe mara moja ndio mashimo yalingane.

Kitu kingine, hujataja kabari na nashuku hukuweka. Ule mkia wa mpini, mbali na wembe, unawekwa kipande kidogo katikati, kinene huko mwisho na chembamba kuelekea wembe. Hicho ndicho kinaachanisha pande mbili na kushika wembe usilegee, na kikikaa upande hata pembe ikinyooka vipi bado makali yatagusa. Kabla ya kugonga kitu chochote pitisha nati na bolti ndogo za muda, funga wembe, angalia kutoka juu kwa mwangaza. Haujakaa katikati? Chonga kabari polepole, jaribu tena.

Misumari toa, itashika kutu na maji ya kunyolea. Tafuta waya ya brasi ya milimita 1.6 kwa wachomeleaji wa jua kali, na washa ndogo za brasi (vile visahani vyenye tundu katikati). Pitisha waya kwa mashimo, weka washa kila upande, kata waya ibaki imetokeza kidogo sana, gonga na nyundo ndogo ya kichwa duara, tap tap, unazungusha, ugeuze upande wa pili. Ukipiga kama unajenga kibanda pembe itapasuka na utaanza upya.

Nyati achana nayo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kukaa nayo bila kibali, na ya ng'ombe inatosha kabisa.

Ukimaliza paka mafuta kidogo, na ukishanyoa futa, usiuache kwa beseni. Halafu huu uwe wa kidevu chako peke yako, maana pembe huwezi kuchemsha kila mteja akitoka. Wateja uwanyoe na ule wa kubadilisha kiwembe.