Newala inaniita, Karagwe imenishika

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Kwetu ni Newala, mkoani Mtwara, na nilipangiwa kituo huku mwaka 2014 nikiwa na umri wa miaka 23. Nimeolewa na mwenyeji wa huku na tumejaliwa watoto wawili. Mume wangu ni mtu mwema, ana kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, alichoachiwa na baba yake na duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka 2023 baba yangu alifariki. Nilisafiri siku tatu, mtoto mgongoni, nikafika nikakuta udongo wa kaburi umekwisha kukauka. Tangu hapo sina raha. Mama amebaki na mikorosho yake, mguu unamsumbua, na kila akipiga simu huniuliza, "Mnarudi lini?" Katika kundi la walimu la WhatsApp nimempata mwalimu aliyeko Newala ambaye kwao ni Karagwe, na yuko tayari tubadilishane vituo. Ameniuliza mara mbili kama tujaze maombi. Mume wangu hajui lolote. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye udongo uliokauka. Umeandika mengi kuhusu mama, mume na kubadilishana vituo, lakini kilio chenyewe kiko hapo. Kwa taratibu zetu za Kiislamu maiti haisubiri, na ndugu zako hawakukosea kumzika mzee siku ileile, wala wewe hukukosea kuchelewa, kwa kuwa kati ya Karagwe na Newala pana karibu kilomita 2,000 na hakuna basi linaloweza kuzifupisha. Hata hivyo moyo haupimi kwa kilomita. Tangu siku ile umekuwa ukijiambia kwamba kwa mama hutachelewa tena, na nadhani hicho ndicho kilichokupeleka kwenye kundi la WhatsApp, kuliko ule mguu unaomsumbua.

Simaanishi kwamba hamu yako si ya kweli. Ni ya kweli, nami naijua. Nilipokuwa kijana nilipangiwa kazi Sumbawanga, nikakaa huko miaka tisa huku nikiota harufu ya bahari ya Pangani, hadi nilipofanikiwa kurudi. Mwezi wa kwanza nililetewa samaki na nazi mlangoni kama mgeni wa heshima. Mwezi wa tatu walikuja kunikopa. Rafiki zangu wawili niliokuwa nikiwawaza kila jioni walikuwa wameshahamia Dar es Salaam, na mimi nikawa najishangaa nikiukumbuka ubaridi wa Sumbawanga. Sikujuta kurudi, lakini nilirudi mahali tofauti na pale nilipokuwa nikipaota.

Wewe Newala unaijua ya mwezi gani? Walimu wengi huenda kwao Desemba, na Desemba ya Newala ni mji mwingine: korosho zimeuzwa mnadani, pesa imeingia mikononi, ndugu wamejaa uani, na mama anapika kwa furaha. Nakushauri mwaka huu uende likizo ya Juni. Wakati huo mikorosho inapuliziwa salfa ili isishikwe na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, vumbi la salfa linawasha macho, pesa ya msimu uliopita imekwisha, na hakuna sherehe ya kukupumbaza. Kaa wiki tatu kama mwenyeji. Amka alfajiri na mama, mpeleke hospitali huo mguu upimwe, uone ni nani hasa anayemchotea maji na nani anayempalilia shamba. Huenda ukakuta ana hali mbaya kuliko anavyokueleza kwenye simu. Huenda pia ukakuta mpwa wako mmoja analala pale kila siku na mama hakuwahi kukutajia, kwa sababu mama akizungumza na mtoto aliye mbali huzungumza ya hamu na kuyaacha mengine. Ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwenu, mtakula, sikukatazi, ila isikuamulie.

Nimepaacha makusudi pagumu zaidi, nako ni kwa mumeo.

Wewe umelelewa katika Wamakonde, ambao ukoo wao kwa desturi hufuatwa upande wa mama, na mwanamume kwenda kukaa karibu na wakwe zake halikuwa jambo la kumshangaza mtu. Kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, mambo ni kinyume kabisa. Mwanamume aliyerithi kibanja kwa baba yake hakuachiwa migomba na kahawa peke yake, ameachiwa ulinzi wa ukoo, na aghalabu makaburi ya babu na baba yamo humohumo kati ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Kumwambia afunge nyumba akaishi ukweni ni kumtaka aende kinyume na yote aliyolelewa nayo, tena mbele ya kaka zake na majirani. Simtetei, na huenda akakubali kuliko tunavyodhani, maana wako wanaume waliofanya hivyo na wakaishi vizuri. Ninachotaka ulione ni kwamba wewe unamlilia baba aliyezikwa mbali nawe, na yeye anapita kando ya kaburi la baba yake kila akienda kukata mkungu wa ndizi. Kama kuna mtu wilayani humo anayeweza kukuelewa, huenda ni yeye, na ndiye pekee usiyemwambia.

Kuhusu hayo maombi, nitasema waziwazi: usijaze kitu chochote kabla hujazungumza naye. Siku hizi maombi ya uhamisho hujazwa katika mfumo wa kielektroniki wa watumishi, na yakishaingia hupita kwa wakubwa wako kazini. Katika wilaya ambayo kila mtu ni shemeji wa mtu, habari itafika dukani kwa mumeo kabla hujaifikisha wewe, akiambiwa na mteja aliyekuja kununua misumari. Ndoa nyingi zingestahimili uhamisho wenyewe, lakini namna hiyo ya kuusikia ni chache zinazoistahimili. Fahamu pia kwamba anayehama kwa maombi yake mwenyewe hujilipia nauli na mizigo. Na akitokea mtu wa kukuahidi kuharakisha jambo kwa malipo, mkimbie, kwa kuwa uhamisho hauna ada, na walimu wengi wameshalizwa na vishoka wa namna hiyo.

Msifikiri pia kwamba mna njia mbili tu, Karagwe au Newala. Kama mumeo atakuwa tayari kutoka lakini si kwenda ukweni, zungumzeni habari ya mji wa katikati kama Morogoro, ambako kila mmoja wenu atafika kwao bila kupoteza siku tatu, na ambako duka la vifaa vya ujenzi linaweza kuanza upya huku kibanja akiangaliziwa na nduguye. Suala la mama kuja kuishi kwenu umelipita kimya, nami nahisi ni kwa sababu ameshakataa. Mkaribishe tena, safari hii kwa miezi miwili ya kuwaona wajukuu badala ya kumtaka ahame, maana mzee ukimwambia ahame atakumbuka mikorosho yake yote, mmoja mmoja.

Liko jambo moja unaloweza kulianza mwezi huu bila kungoja kibali cha mtu yeyote. Fungua akiba ya pembeni, ndogondogo kila mshahara, hadi itoshe nauli ya ndege. Ndege hutua Bukoba na hutua Mtwara, ukapitia Dar es Salaam, na kutoka Karagwe hadi Bukoba ni safari ya saa chache kwa gari. Mama akiugua ghafla, utafika kwake siku ya pili badala ya siku ya tatu. Fedha hiyo isiguswe kwa ada wala kwa sikukuu, na mumeo ajue ipo na ni ya nini. Huenda ukashangaa jinsi usingizi utakavyorudi hata kabla haijajaa, kwa kuwa kinachokukosesha raha usiku, kwa ninavyokusoma, ni hofu ya kuchelewa mara ya pili.

Namfikiria vilevile huyo mwalimu mwenzako wa Newala, ambaye hakuniandikia. Ameuliza mara mbili, maana yake anahesabu siku. Naye huenda ana mama huko uliko, Karagwe, anayemuuliza lini atarudi, na kila ukimjibu "subiri kidogo" anaacha kumtafuta mtu mwingine. Mwandikie leo kwamba hujazungumza na familia yako, kwamba jibu lako halitapatikana kabla ya Julai, na kwamba akipata mwingine kabla ya hapo hutamlaumu. Utapata hofu ya kumpoteza. Mwandikie hata hivyo.

Ukikaa na mumeo, msikae dukani wala mbele ya watoto, na usianze na habari ya kubadilishana vituo, maana hapo atasikia kwamba umeshaamua na yeye anaarifiwa. Anza na mwaka 2023. Msimulie zile siku tatu za barabarani kituo kwa kituo: ulikolala, mtoto alivyolia, simu uliyopokea njiani kwamba wamekwisha kuzika, na ulivyoshuka Newala ukiwa huna tena cha kuwahi. Yeye alibaki Karagwe, na sidhani kama amewahi kukusikia ukiisimulia safari ile hadi mwisho.