Kuuza Stempu Alizoacha Marehemu: Ipi Bei ya Haki?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullah. Baba yetu amefariki na ameacha albamu saba za stempu alizozikusanya tangu ujana wake. Warithi ni mama, mimi, dada yangu na mdogo wetu ambaye bado hajabaleghe. Mnunuzi mmoja alizipitia albamu zote kwa muda usiozidi robo saa, akataja bei moja ya jumla na kutaka tumjibu siku hiyo hiyo. Thamani yake hatuijui. Je, tukimkatalia na kudai zaidi tutakuwa tumeingiwa na tamaa? Na ipo stempu moja nzuri ambayo karatasi yake imechunika kidogo kwa nyuma, na kwa mbele haionekani. Je, nina wajibu wa kumwambia mnunuzi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Tunamuomba Allah amrehemu baba yenu.

Ndugu muulizaji, kutafuta bei inayolingana na thamani ya mali yako si tamaa, na katika hali yenu ni zaidi ya ruhusa. Mtu mzima akiamua kupunguza bei ya mali yake mwenyewe kwa hiari, hiyo ni haki yake na huenda akapata thawabu. Lakini katika albamu hizo imo sehemu ya yatima, na Mwenyezi Mungu anasema: "Wala msiyakaribie mali ya yatima isipokuwa kwa njia iliyo bora kabisa" (6:152). Kuiuza sehemu yake kwa bei aliyoitaja mtu mmoja ndani ya robo saa, bila ya kuuliza kwa mwingine yeyote, ni vigumu kuiita njia iliyo bora. Basi anayeisimamia mali ya mtoto ashirikishwe, warithi wakubwa wote waridhie, na pasiwe na haraka.

Ama msingi wa biashara, Mwenyezi Mungu ameujenga juu ya "kuridhiana wenyewe kwa wenyewe" (4:29). Hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka. Ridhaa ya asiyejua anachokiuza ni ridhaa yenye kasoro, na sharia imeliona hilo tangu zamani. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuupokea msafara wa bidhaa kabla haujafika sokoni, na katika riwaya ya Muslim akampa mwenye bidhaa hiari ya kuivunja biashara hiyo atakapofika sokoni. Sababu yake iko wazi: yule mgeni hajui bei, na aliyemwahi njiani anaijua. Mnunuzi anayekutaka ujibu leo leo, kabla hujauliza popote, hali yake inafanana na hiyo, ingawa simhukumu kwamba amekusudia kukudhulumu.

Hata hivyo usitegemee kwamba ukishauza utaweza kurudi nyuma. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali humpa hiari ya kuvunja mauzo yule asiyejua bei, aliyemwamini mwenzake kisha akapunjwa kupita kiasi; lakini wengi katika mafaqihi hawaivunji biashara kwa sababu ya kupunjwa peke yake, ikiwa hapakuwa na udanganyifu. Kinga yako iko kabla ya mkataba. Palikuwa na mtu aliyekuwa akihadaiwa katika biashara, na Mtume (s.a.w.) akamfundisha aseme anapouziana na watu, "Hakuna kuhadaa," kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Nawe unaweza kushurutisha hiari ya siku chache zinazojulikana ili uulize, na mnunuzi mwaminifu hatachukizwa nalo.

Basi ujue unachokiuza. Uzee wa stempu peke yake si thamani. Stempu ya kwanza duniani ya kubandikwa, Penny Black ya Uingereza ya mwaka 1840, ilichapishwa kwa takriban nakala milioni 68, na kwa hiyo si adimu kama wengi wanavyodhani. Ile ya senti moja ya British Guiana (leo Guyana) ya mwaka 1856, ambayo inajulikana nakala yake moja tu, iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa karibu dola milioni 9.5, kisha mwaka 2021 ikauzwa kwa takriban dola milioni 8.3. Ikiwa hata hiyo bei yake hupanda na kushuka, hakuna namba moja ambayo ni haki kwa kila siku. Katalogi, yaani vitabu vya orodha ya stempu na bei zake, kama ya kampuni ya Stanley Gibbons au ya Michel, zitakusaidia kutambua kila stempu, lakini fahamu kwamba Stanley Gibbons huandika bei ambayo wao wenyewe wangemuuzia mteja stempu iliyo katika hali nzuri, na si ile ambayo muuzaji wa nyumbani atalipwa.

Hali yenyewe ndiyo huamua mengi. Shika stempu kwa kibano, wala si kwa vidole, na utazame vijino vya pembeni kama vimekamilika, muhuri wa posta kama haukuichafua sura yake, na gundi ya nyuma kama ni ile ya asili. Usizioshe, na zilizobandikwa juu ya bahasha usizibandue, kwa kuwa bahasha nzima yenye mihuri yake mara nyingine hushinda stempu yenyewe kwa thamani. Baada ya hapo waonyeshe wanunuzi wawili au watatu, kila mmoja peke yake, na ujihadhari na anayetaka kuchomoa zile bora chache na kukuachia mabaki yasiyouzika.

Haki ina pande mbili. Mfanyabiashara akikupa chini ya bei ya katalogi hajakudhulumu kwa hilo tu, kwani huenda atakaa na albamu hizo miaka kabla hazijamalizika. Sahaba Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja amnunulie kondoo, akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari, na Mtume akamuombea baraka, kama ilivyo katika Bukhari. Faida kubwa haikukatazwa kwa ukubwa wake.

Mkichagua mnada, huo unaruhusiwa, na ujira wa dalali uwe umejulikana tangu mwanzo. Lakini ni haramu kumpanga rafiki apandishe bei bila nia ya kununua. Hiyo ndiyo najshi iliyokatazwa katika hadithi sahihi.

Kuhusu stempu iliyochunika, ni wajibu umwambie mnunuzi. Mtume (s.a.w.) alipita kwenye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta unyevu. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akasema: "Mwenye kughushi si katika mimi" (Muslim). Karatasi iliyochunika kwa nyuma ni ule unyevu wa chini ya lundo. Andika kasoro hiyo kwenye kikaratasi na ukiweke pamoja na stempu. Wala kusema "nauza kama zilivyo" hakukuondolei dhima ya kasoro unayoijua na kuificha, kwa kauli yenye nguvu. Bei ya stempu hiyo ikipungua, basi hiyo iliyopungua ndiyo bei yake halisi, na yatima hana haki katika ziada inayotokana na ghishi.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Imesimuliwa kwamba sahaba Jarir bin Abdillah alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akamwona kuwa anastahili zaidi, akawa anampandishia mwenye farasi bei hadi ikafika 800, kwa sababu alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Hilo la Jarir ni daraja ya juu, na hatuwezi kumlazimisha mtu kulifikia. Mjibu mnunuzi wenu kwa adabu kwamba bei yake mmeisikia, kwamba mali ina sehemu ya yatima, na kwamba mtamjibu mtakapokwisha kuuliza. Akiondoka kwa sababu hiyo, mwacheni aende.

Na Mwenyezi Mungu ni Mjuzi zaidi.