Johannesburg: nifikie mjini au Sandton?

SWALI: Shikamoo, mzee. Nina duka la nguo hapa Tanga, na mwezi ujao nakwenda Johannesburg kwa mara ya kwanza kutafuta mzigo. Binamu yangu anayeishi huko amenishikilia nifikie Sandton, eti mjini pamekufa, hakuna kitu. Nimetazama ramani, naona Sandton iko kama kilomita 15 kaskazini. Ni mji gani huo ambao wakubwa wote wamehamia pembeni? Ilikuwaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenigusa, maana nimeishi Yeoville, mtaa ulio karibu na katikati ya mji, miaka tisa, na karibu yote hiyo nilikuwa mlinzi kwenye mlango wa ofisi huko huko Sandton. Nilifika 1999. Mwaka uliofuata Soko la Hisa lilifungasha virago, likaacha jengo lake la Mtaa wa Diagonal mjini na kuhamia Sandton. Mabenki na mawakili wengi walikuwa wameshatangulia.

Zamani Sandton ilikuwa mashamba na viwanja vikubwa vya wazungu wenye farasi. Mwaka 1969 ikapewa halmashauri yake, na jina likaunganishwa kutoka Sandown na Bryanston. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: kodi ya majengo ya Sandton ilibaki Sandton. Mwaka 1973 mjini kulikamilika Carlton Centre, jengo la ghorofa 50, na mwaka huohuo Sandton wakafungua maduka yao ya Sandton City. Wakati ule hakuna aliyedhani huo wa pili ndio utashinda.

Binamu yako atakwambia kampuni zilikimbia uhalifu. Uhalifu ulikuwepo, sikatai, na mimi mwenyewe niliporwa mara mbili. Lakini tazama miaka. Katika miaka ya 1980 watu weusi walianza kupanga Hillbrow na mitaa ya katikati, sheria ya makaburu ikiwa bado inawakataza. Wenye nyumba walijua mpangaji wa namna hiyo hawezi kwenda kushitaki, wakapandisha kodi na kuacha kukarabati. Benki nazo zikakataa kukopesha kwenye mitaa hiyo. Sheria ya vitambulisho vya kutembelea ikafutwa 1986, ile ya kugawa maeneo kwa rangi ikafutwa 1991, na kampuni zikazidi kuhama. Kwa hiyo mji haukufa kwanza ndipo ukaachwa. Uliachwa wakati wenyewe walipoanza kuruhusiwa kuingia. Hili linaniuma mpaka leo, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine likiwa limepakwa sukari.

Baada ya uhuru wao ikaamuliwa halmashauri zichangie mfuko mmoja, ili fedha zifike vitongoji vya watu weusi kama Soweto na Alexandra. Alexandra hiyo imetenganishwa na Sandton na barabara kuu tu. Mwaka 1996 wenye majengo wa Sandton waligoma kulipa viwango vipya vya kodi ya majengo. Kesi ilifika Mahakama ya Katiba, wakashindwa 1998, na mwishoni mwa 2000 Sandton ikawa ndani ya Jiji la Johannesburg. Hata hivyo, treni mpya ya Gautrain ilipoanza Juni 2010, ilianza kwa kuunganisha uwanja wa ndege na Sandton. Mjini, stesheni ya Park, ilifika 2012.

Sasa nikuoneshe mji ambao binamu yako hauoni, kwa sababu nadhani anatembea na gari lake. Jioni nikitoka lindo nilisimama kando ya barabara na kuinua kidole cha shahada juu. Daladala za kule husimamishwa kwa ishara za mkono, na kidole hicho maana yake ni “mjini”. Hakuna konda. Nauli hupitishwa kutoka kiti cha nyuma mkono kwa mkono, na anayekaa mbele karibu na dereva ndiye anayehesabu na kurudisha chenji. Wafagiaji, wapishi, walinzi, sote tulikuwa tunarudi mahali panapoitwa pamekufa.

Na mzigo wako uko hukohuko. Nenda Mtaa wa Jeppe, ambao siku hizi kibao chake kinasema Rahima Moosa ingawa wafanyabiashara bado wanasema Jeppe. Majengo yaliyokuwa ya madaktari yamegeuzwa maduka ya Wahabeshi. Unapanda ngazi, kila chumba alichokuwa daktari sasa kimejaa jinzi, mablanketi na viatu mpaka darini, na harufu ya kahawa inakufuata kwenye korido.

Kulala, lala unapopamudu, hata Sandton. Lakini mjini nenda asubuhi, uongozane na mwenyeji, usitembee na fedha taslimu nyingi, na ifikapo saa kumi jioni uwe umeshafunga mzigo. Ukirudi niandikie bei za jinzi, nami nizijue.