Maswali yenu kuhusu Idris Elba

Haya, maswali ya muigizaji Idris Elba yamejaa inbox, mengi yanafanana so nimeyaunganisha, aliyekosa lake atajikuta humo humo.

Kaka mi miaka yote najua jamaa ni Mmarekani, juzi nimemsikia kwenye mahojiano anaongea Kiingereza cha London nikashtuka. Imekuaje? (Arusha)

Wamarekani wenyewe walipigwa changa la macho, sembuse wewe. Jamaa kazaliwa Hackney, London, 1972, baba wa Sierra Leone mama wa Ghana, jina lenyewe Idrissa. Amewahi kupiga shifti za usiku kwenye kiwanda cha Ford pale Dagenham, alikokua anafanya kazi na mzee wake. Kuigiza akaanza ila Uingereza ya miaka ya tisini mtu mweusi alikua anaambulia vipande tu, leo kasehemu kamoja kwenye komedi, kesho kanafasi kadogo kwenye tamthilia ya kila siku ya Family Affairs, akaona hapa nitazeeka, akakimbilia New York. Kule nako alisota vibaya mno, akawa baunsa mlangoni kwenye klabu ya komedi, akawa anapiga udj, kuna kipindi gari lake ndo lilikua chumba chake cha kulala, na muda wote huo anashinda na washkaji wa Brooklyn kwenye saluni za kunyolea anasikiliza wanavyoongea mpaka lafudhi ikamkaa mdomoni. Ilipokuja odisheni ya The Wire, tamthilia ya polisi na wauza unga wa Baltimore, dada aliyekua anasaka waigizaji akamwambia usithubutu kusema wewe ni Mwingereza, akatii, na David Simon mwenye tamthilia yake alikuja kujua wakati ameshamkubali. Ikaanza kuruka kwenye TV ya HBO mwaka 2002, mengine mnayajua.

Stringer Bell walimuua mapema kwa nini jamani, hadi leo roho inaniuma (Mombasa)

Pole dadangu. (Kama hujaiona The Wire ruka hapa.) Stringer, yule aliyechezwa na Elba, walimuua mwishoni mwa sizoni ya tatu, 2004, na mwenyewe Elba hakufurahi hata kidogo, hasa kwa vile skripti ya mwanzo ilitaka Omar, jambazi anayewaibia wauza unga, akimaliza kumpiga risasi amkojolee, akagoma, ikatolewa. Lakini mi naona waandishi walikua sahihi. Yule Stringer alikua anauza unga mchana jioni anaingia darasani kusoma uchumi, anaendesha kikao cha wauzaji kama bodi ya benki, mtu wa hivyo mtaani hana pa kuishia, wa mtaani wanamuona msaliti na wa maofisini wanamla hela zake.

Kwanini kwenye muvi kubwa kubwa hang'ai kama kwenye TV? (Dodoma)

Hili ndo swali langu pendwa. Angalia Luther ya BBC, ilianza 2010, ile staili ya kutembea mabega mbele na lile koti la kijivu, sizoni ya kwanza ina epizodi sita tu lakini ukimaliza unamjua yule mpelelezi mpaka jinsi anavyokasirika kabla hajafungua mdomo, na ikampa tuzo ya Golden Globe 2012. Sasa njoo kwenye muvi za Thor, wamemvika madini mwili mzima, wakamsimamisha mlangoni kama askari wa getini, mtu amemcheza Stringer Bell halafu unampa kazi ya kufungua mlango! Idris ni muigizaji wa kunyamaza, anataka muda wa kukutazama tu bila kusema kitu, na muvi za milipuko hazina huo muda. Hata akiwa adui mkuu kama kwenye Hobbs & Shaw bado anapewa ngumi nyingi maneno machache. Cats ya 2019 naomba tusiiongelee.

Walipomwachia nafasi mbona alionesha, Mandela alimcheza 2013, na Beasts of No Nation ya 2015, walioshutia Ghana, yule Kamanda wa watoto wanajeshi anatisha huku unaona kabisa kwanini watoto wanamfuata. Chama cha waigizaji wa Marekani kikampa tuzo, usiku huo huo akabeba na nyingine ya Luther, ila Oscar hawakumtaja hata kwenye orodha.

James Bond je? (Nakuru)

Imeisha hiyo. Watu walimsukumia miaka na miaka awe Bond, yule jasusi wa muvi, 2023 akasema ilimchosha pale mjadala ulipogeuka kuwa rangi yake. Simlaumu.

Kuna muvi ya Rwanda nilimuona zamani, jina limenitoka (Bukoba)

Sometimes in April, 2005, ya mauaji ya kimbari ya 1994, dairekta Raoul Peck wa Haiti, na waliishutia Rwanda kwenyewe. Elba ni Augustin, mwanajeshi Mhutu mwenye mke Mtutsi, ndugu yake alikua mtangazaji wa ile redio ya chuki na sasa anashtakiwa kwenye ile mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokua Arusha. Watu wa Arusha mnaisahau sana hii. Usiangalie na watoto.

Studio ya Zanzibar ni kweli au kiki? (Unguja)

Ardhi ya kujenga hiyo studio yake ya filamu ni kweli, Agosti 2024 serikali ya Zanzibar ilisema imemtengea karibu hekta 80, na Oktoba mwenyewe akaiambia BBC anataka kuhamia Afrika ndani ya miaka mitano mpaka kumi, akataja Accra, Freetown na Zanzibar. Ila ardhi sio studio. Unguja watu wa filamu wapo, tamasha la filamu la ZIFF linafanyika tangu 1998, tatizo ni kwamba tamasha likiisha kazi inaisha nayo. Mi siku nikisikia fundi taa wa Mwanakwerekwe kalipwa mshahara mwaka mzima bila kusubiri tamasha ndo nitapiga makofi.

Sijawahi kumuangalia kabisa, nianze na ipi? (Kigoma)

Hijack ya 2023, epizodi saba, ndege inatekwa ikitoka Dubai kwenda London na yeye ni abiria tu, hana bunduki wala nini, anaongea na watekaji kama dalali. Ukiipenda nenda Luther. The Wire iache mpaka upate likizo maana bando litakuishia.