Re: Kaa aliyejipamba mwani haonekani kwenye video

Salaam mkuu. Unasema ulimrekodi kaa aliyejipamba mwani, ila kwenye video unaona mwani mtupu. Angalia kwanza mwanga: ulimmulika tochi kwa karibu? Akishtuka hutulia tuli. Mimi niliwahi kurekodi sifongo dakika 20 nikidhani ni kaa, wenzangu wanacheka mpaka leo.

Iweke kamera juu ya mwamba, sogea pembeni, acha ijirekodie. Nenda usiku, ndipo hutoka kula. Mwani ameunasa kwenye vinyweleo vya gamba vilivyopinda kama ndoana, kwa hiyo umbo lake halikusaidii. Tafuta kijishada kisichoyumba pamoja na mawimbi. Gando likipanda mdomoni, umempata. Kamera yako sijawahi kuishika, fokasi wakuambie wengine.