Kuunganisha Printa ya Zamani na Kompyuta ya Zamani: Ushauri kwa Fundi Anayeanza

Ukianza kazi ya ufundi wa kompyuta kwenye shule, zahanati na maduka ya steshenari, hutakaa muda mrefu kabla ya kuitwa kuunganisha printa ya miaka mingi na kompyuta ya mezani ambayo nayo imekula chumvi. Mara nyingi vyote viwili vimenunuliwa vikiwa vimetumika, havina CD wala kitabu cha maelekezo, na mwenye navyo hana uwezo wa kununua vingine. Nakuomba ulishike hili tangu siku ya kwanza: usiguse programu yoyote kabla hujajua kwamba printa yenyewe ni nzima.

Utalijua hilo kwa kuiwasha printa peke yake, bila kuiunganisha na kitu, na kuifanya ichape ukurasa wa majaribio. Chukua mfano wa Epson LX-300+, printa ya utepe ambayo bado inatafutwa na wanaochapa ankara zenye nakala mbili au tatu kwa mpigo. Izime, shikilia kitufe cha LF/FF (cha kusogeza karatasi), kisha iwashe ukiwa bado umekishikilia. Itaanza kutoa mistari ya herufi. Herufi zikitoka zimefifia, utepe umekauka. Ukiona ufa mwembamba mweupe unaokata kila herufi mahali pale pale, mojawapo ya sindano 9 za kichwa cha kuchapia haigongi. Hakuna draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha printa) inayoweza kutibu hayo, na inasikitisha kuona fundi akisakinisha Windows upya kwa sababu ya utepe.

Printa ikiwa nzima, geukia kebo na poti. Printa nyingi za kabla ya USB kuenea hutumia poti ya LPT, ambayo nyuma ya kompyuta ni tundu pana lenye vishimo 25, na upande wa printa ni kiunganishi cha miguso 36 kinachobanwa kwa vishikizo viwili vya waya. Tazama kwa makini, kwa sababu kompyuta kuukuu huweza kuwa na poti nyingine ya 25 iliyochomoza pini badala ya kuwa na vishimo; hiyo ni ya COM (poti ya vifaa kama modemu), si ya printa. Zima kompyuta na printa kabla ya kuchomeka kebo hii au kuichomoa, kwani poti ya LPT haikuundwa kuunganishwa umeme ukiwa unapita, na ikiungua gharama ya matengenezo huweza kuzidi thamani ya kompyuta. Kompyuta isipoiona LPT1, yaani poti ya LPT ya kwanza, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, kabla ya Windows) uhakikishe poti haijafungwa. Humo anwani ya kawaida ya poti ni 378, na IRQ (namba ambayo poti hutumia kuiita prosesa) ni 7. Printa ikitoa herufi zisizosomeka ilhali draiva ni sahihi, jaribu kubadili hali ya poti kutoka ECP (ya kasi) kwenda SPP (ya kawaida ya zamani).

Wapo wanaotumia kebo ya kugeuza USB kuwa LPT pale kompyuta inapokosa tundu hilo. Kebo hiyo hufaa kwa programu za Windows, lakini Windows huipa jina la USB001, si LPT1, kwa hiyo programu ya zamani ya DOS (mfumo uliotumika kabla ya Windows) inayotuma kazi moja kwa moja LPT1 haitaiona. Katika hali hiyo, ishiriki printa kwenye mtandao kutoka kompyuta hiyo hiyo, kisha uelekeze LPT1 kwenye jina uliloipa kwa amri ya net use.

Suala la draiva ndilo linalowachanganya wengi, na ufunguo wake ni kujua kama printa ina lugha yake ya kuchapia. HP LaserJet 1100 inaelewa PCL, lugha ya kuchapia ya HP, hivyo hata ukikosa draiva yake halisi, draiva ya ndugu yake wa karibu kama LaserJet 4 mara nyingi itaiendesha. HP LaserJet 1020 haiko hivyo: kazi ya kuandaa ukurasa hufanywa na kompyuta, na printa hupokea programu yake ya ndani kutoka kwenye kompyuta kila inapowashwa. Bila draiva yake mahususi, printa hiyo haichapi kitu. Kwa printa za USB za aina hii, sakinisha draiva kwanza, na kebo uichomeke pale tu programu inapokuagiza. Kabla ya hapo hakikisha kama Windows ni ya biti 32 au 64, maana draiva ya XP ya biti 32 haitakubali kuingia kwenye Windows 7 ya biti 64.

Draiva ipakue kwa kompyuta nyingine, kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na mimi siungi mkono kuziingiza kompyuta hizo kwenye intaneti kwa ajili ya faili moja. Ihamishe kwa flashi uliyoikagua virusi, na umwachie mteja nakala.

Mteja akikupigia baadaye kwamba printa iko offline, muulize kwanza kama kebo ya USB imehamishwa tundu, kwa sababu Windows huweza kuihesabu kuwa printa mpya na kuiandika Copy 1, huku kazi zikiendelea kutumwa kwenye ile ya awali. Foleni ya kazi za kuchapa ikigoma kufutika, simamisha huduma ya Windows iitwayo Print Spooler, inayoipanga foleni hiyo, futa faili zilizomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha uiwashe tena huduma hiyo.

Usisahau umeme. Kompyuta ipitishe kwenye UPS (kifaa chenye betri ya akiba umeme ukikatika), lakini printa ya leza ichomeke moja kwa moja ukutani au kwenye stabilaiza yenye uwezo wa kutosha, kwani inapopasha moto sehemu ya kuyeyushia wino wa unga huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo ya ofisini inaweza kuzimika pamoja na kompyuta.