Kwa nini ningechagua bunduki ya upepo ya springi

Ndugu, umeuliza kama anayeanza kulenga shabaha achukue bunduki ya upepo ya springi au ile inayojazwa upepo kabla. Mimi ningechukua ya springi, na sababu kubwa ni kujitegemea: unaukunja mtutu chini mara moja, springi inabanwa, unatia risasi, na nguvu yote imetoka mkononi mwako, ilhali ile nyingine hudai mtungi au pampu ya kufikisha shinikizo la takriban baa 200, pamoja na mipira ya kuzuia upepo ambayo ikichakaa huvuja polepole hadi ukute geji imeshuka.

Ni kweli kwamba ya kujazwa karibu haina mtikisiko, hivyo ni rahisi zaidi kulenga nayo. Katika ya springi, pistoni, yaani kipande kinachosukumwa na springi ili kubana hewa, ikiruka mbele bunduki hurudi nyuma kisha hushtuka mbele, na mtikisiko huo huanza risasi ingali mtutuni. Ukiikaba kwa nguvu, risasi hutawanyika. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, uiache icheze. Usiifyatue ikiwa haina risasi, kwani pistoni hugonga bila mto wa hewa, wala usiiache imekokiwa kwa saa nyingi.